Wodi ya Mrindi

Hapo zamani, tena si zamani ya kuwapa nafasi ya kubisha, kijiji cha Mrindi kilipata wodi ya uzazi. Wodi kweli! Bati jekundu, vigae chini, vitanda bado vimevikwa nailoni. Kitu kimoja tu hakikuwepo: mkunga.

Nakiete aliposhikwa na uchungu, mumewe, Mbonea, alimkimbiza hapo hapo. Wakakuta kufuli. Mume akahangaika kutafuta gari la kwenda mjini, na lilipofika, damu ilikuwa imemwishia mkewe. Mama na mtoto wakazikwa kaburi moja.

Baada ya matanga, Mbonea aliwaita wakubwa mbele ya wodi ile, kijiji kizima kikisikiliza. "Sitaki rambirambi zenu," akasema. "Nataka kuambiwa, mke wangu ameuawa na nani?"

Diwani akasimama. "Pole sana, kaka. Lakini si mimi. Mwaka nilioomba mkunga mlinizomea. Mwaka nilioleta saruji mlinibeba mabegani."

Mweka hazina wa wilaya akasimama. "Pole sana, bwana Mbonea. Lakini si mimi. Fedha za majengo hazilipi mshahara, ndiyo sheria. Na zisipotumika kabla ya Julai zinarudi serikalini. Ningeziacha zirudi, msingepata hata hilo bati."

Mtu wa wizara akashuka garini, naye akasimama. "Pole sana, mzee. Lakini si mimi. Tulisimamisha ajira ili nchi ilipe madeni. Tungeajiri wapya, hata wakunga waliopo wangekosa mshahara."

Jamani, wote wanasema kweli! Hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Ingekuwa kuna mwizi, si tungemshika tukapumua?

Mbonea akakaa vumbini. "Hamjui yote," akasema. "Siku ya kuchagua mradi, Nakiete alisimama mkutanoni akasema tuchange tumlipe mkunga kwanza, jengo lisubiri. Nikamvuta khanga. Nikamwambia, kaa chini, unaniaibisha. Akakaa."

Wanakijiji wakainamisha vichwa, kwa sababu siku ile nao walimcheka Nakiete.

Basi wodi ingali na kufuli, na wanawake wa Mrindi wangali wanabeba mimba. Haya, ninyi mnaosikitika hapo, msininyamazie. Diwani, mweka hazina, mtu wa wizara, wanakijiji, au mume mwenyewe: je, nani alimuua Nakiete?