Konzi Moja ya Udongo

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya mababu, maana nyumba ninayoisimulia bado ina bati lake, palikuwa na mwanamke huko milima ya Upare aitwaye Naelijwa. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Alisuka wake za wachungaji, akasuka wake za walevi, kwa mkono uleule mwepesi, na kila aliyeketi mbele yake aliondoka ameinua kichwa.

Yeye mwenyewe hakuweza kuinua chake. Mgongo wake ulikuwa umepinda. Ulianza kupinda angali msichana, watu wakasema akikua utanyooka. Akakua, haukunyooka. Akaolewa, ukazidi. Bega moja likapanda, jingine likashuka, mbavu za kulia zikatuna kama mtu aliyeficha kitu ndani ya nguo. Mwishowe ukaanza kumnyima pumzi. Akipanda kilima, anasimama. Akisuka kichwa kimoja, analala mpaka kesho yake.

Madaktari wa mjini wakampiga picha, wakamwambia, "Tukiuacha, utayabana mapafu. Tukiupasua, tutaunyoosha kwa vyuma na skrubu. Lakini wewe ni mtu mzima, mifupa imekomaa. Utateseka kabla hujapona."

Mumewe, Senkondo, mkulima wa tangawizi, akasema, "Mwili ni wako. Utakaloamua nipo."

Kaka yake, Mbonea, akainamisha kichwa.

Mama yao, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Mbonea, ndiye aliyesema, "Nenda, mwanangu. Nimechoka kukusikia unavyohema."

Naelijwa akaenda. Akapasuliwa. Akanyooka.

Hilo tuliseme mapema lisije likasahaulika: alinyooka kweli. Alipopelekwa kwenye kioo cha hospitali aliona mabega yake yako sawa, shingo imetoka, amemzidi urefu muuguzi aliyemshika. Muuguzi akacheka kwa furaha. Naelijwa hakucheka. Mshono ulitoka chini ya kisogo ukashuka mpaka kiunoni. Paja la kushoto lilikufa ganzi, akiligusa ni kama anagusa la mtu mwingine. Na ndani, kule ambako kioo hakifiki, palikuwa na maumivu ambayo hakuna aliyewahi kumpa jina lake.

Akaruhusiwa kwa masharti. Asiiname. Asijipinde. Asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Akitaka kugeuka kitandani, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, kama gogo. Akisimama, avae koti gumu la plastiki lenye mikanda. Na muuguzi akamwongezea neno moja: "Dada, jifunze kuinuka mwenyewe. Lala ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa kiwiko. Kila siku ujaribu. Usingoje watu."

Wakamlaza nyumbani kwa mama yake, kwa sababu gari lilifika mpaka uani pale, na Senkondo akahamia na godoro lake sebuleni. Mbonea nyumba yake ilikuwa hapohapo, upande wa pili wa migomba.

Siku ya kwanza aliyemgeuza alikuwa Senkondo. Alikuwa na mikono ya jembe. Akashika bega, akasahau nyonga. Juu kukaenda, chini kukabaki. Naelijwa akapiga ukelele ambao majirani waliusikia. Senkondo akamwachia, akatoka nje mbio mpaka kwenye migomba.

Aliporudi, mkewe alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda. "Usinishike tena," akamwambia. "Asinishike mtu. Mama tu."

Tangu hapo ikawa mama tu. Asubuhi mama, mchana mama, usiku mama. Mama Mbonea alikuwa na namna yake. Alipiga goti moja kitandani, akaweka kiganja begani na kiganja nyongani, akasema, "Mikono kifuani. Magoti pamoja. Twende." Naye Naelijwa akaenda bila kulia. Mama akipumzika kidogo ukingoni, anahema, anasema, "Uzee huu." Kisha anakwenda kupika makande.

Lakini maumivu yana tabia ya kula moyo yakimaliza mwili. Dawa zilimfunga tumbo, zikamfunga na akili. Alilala mchana akaamka analia, asijue analilia nini. Wanawake aliowasuka walikuja kumwona, wakasema, "Umependeza, umekuwa mrefu!" naye akageuza macho. Ile kazi ya kuinuka kwa kiwiko hakuijaribu. Mama akimkumbusha, anasema kesho. Kesho ikifika, anasema kesho.

Siku moja mama alipokuwa anamfuta jasho, Naelijwa akamwambia, "Kwa nini ulinituma kule? Ningebaki na mgongo wangu. Ule ulikuwa umepinda lakini ulikuwa wangu. Huu ni mlingoti wa bendera."

Mama Mbonea alirudisha mkono kwenye beseni. Alikamua kitambaa, akafuta tena. Na tangu siku hiyo hata Mbonea akija kusema, "Mama, pumzika, niite majirani wawili wenye nguvu," mama alimfukuza kwa jicho.

Sasa, Mbonea alijua jambo. Kabla ya dada yake kupasuliwa, yeye ndiye aliyempeleka mama hospitali ya wilaya, na daktari akamwambia mama mbele yake, "Moyo wako umevimba. Usibebe kitu. Usiiname na mzigo. Ukifanya hivyo, moyo utasimama wenyewe." Wakati wa kurudi, mama akamshika mkono njiani. "Mbonea, mdogo wako akilijua hili hatakwenda kupasuliwa. Niapie kwa kaburi la baba yako kwamba hutasema." Mbonea akaapa. Akawa kila akimwona mama anapiga lile goti kitandani, anatoka nje.

Na Senkondo naye alikuwa na jambo lake. Alitafuta kazi shambani. Tangawizi hazikuwa tayari, akaenda kuzipalilia. Alipomaliza kupalilia, akaenda kuzitazama tu. Kelele ya mkewe ilikuwa haijatoka masikioni, na mlango wa chumba kile ulimtia woga kama mlango wa mahakama.

Ikafika siku ya gulio. Mbonea akateremka gulioni. Senkondo akachukua jembe. "Narudi sasa hivi," akamwambia mama mkwe. Akakaa chini ya mteremko, juu ya jiwe, jembe halikugusa udongo.

Chumbani, Naelijwa aliita, "Mama! Nigeuze, upande huu unaniua."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Nimengoja tangu asubuhi!"

Mama akaja. Akapiga goti. "Mikono kifuani. Magoti pamoja." Hakusema twende. Alisukuma kimya, Naelijwa akaenda, uso ukaelekea ukutani. Kiganja cha mama kilibaki begani pake kwa muda, kizito kuliko kawaida. Kisha kikateleza. Kisha sakafu ikatoa mshindo.

"Mama?"

Alikuwa anautazama ukuta. Hakuweza kugeuza kichwa akaona nyuma. Alisikia pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo, inatoka chini karibu na miguu ya kitanda.

"Mama, nijibu."

Akamwita Senkondo. Akamwita kaka. Akaita jina la kila jirani. Kijiji kilikuwa gulioni.

Njia aliijua. Muuguzi alimwonyesha. Angejigeuza kama gogo, angeteremsha miguu, angejisukuma kwa kiwiko, angefika mlangoni, na sauti yake ingefika barabarani. Akakaza meno, akaanza. Kitu kikavuta ndani ya mgongo, katikati, kule kwenye vyuma. Akasimama palepale. Akaogopa. Akajiambia avute pumzi kwanza, ajaribu tena. Huku nyuma pumzi ya mama ilikuwa bado inakwaruza. Alijiambia hivyo mara nyingi. Kisha akasikia kwamba katika chumba kile anahema mtu mmoja tu.

Senkondo aliwakuta jua limekwisha kupinduka. Mmoja sakafuni, mmoja anautazama ukuta, macho makavu.

Mazishi yalikuwa palepale nyumbani. Wanawake waliketi chini kwenye mikeka, wakalia wameinama, wanashikana. Naelijwa hakuweza kuketi chini, hakuweza kuinama, hakuweza kukumbatiwa. Alisimama pembeni ndani ya koti lake la plastiki, wima, kama mtu aliyekuja kukagua msiba. Wengine walipotupa udongo kaburini, yeye mkono wake haukufika ardhini. Hakuna aliyekumbuka kumwokotea.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake siku ya kuondoa matanga. Kama marehemu alikufa kwa kosa la mtu wa nyumbani, mtu huyo huchukua konzi moja ya udongo wa kaburi, anasema kosa lake mbele ya wote, anaurudisha udongo kaburini, na ukoo unajibu, "Umesamehewa." Baada ya hapo neno lile halisemwi tena, wala kwa ugomvi, wala kwa pombe. Lakini konzi ni moja. Anayesamehewa ni mmoja. Wengine waliokosa, kama wapo, huondoka na lao.

Aliyesimamia alikuwa dada wa marehemu, Mama Mkubwa Nanzia, mwanamke mkavu asiyependa maneno marefu. Akaweka konzi ya udongo ukingoni mwa kaburi, akauliza, "Udongo huu ni wa nani?"

Senkondo akasimama. "Ni wangu. Kumgeuza mke wangu ilikuwa kazi yangu. Nilimwachia mama mkwe kazi ya mwanamume, nikaketi juu ya jiwe. Siku ile sikulima. Nilikuwa nimekaa tu. Kosa ni langu."

Mbonea akasimama. "Shemeji, kaa chini. Wewe hukujua kitu. Mimi nilijua. Daktari alimwambia mama mbele yangu kwamba moyo wake hauwezi mzigo, mama akaniapisha, nikanyamaza. Nilimwona mama anabeba kifo chake kila siku, nikatoka nje nisione. Kosa ni langu."

Senkondo akasema, "Wewe uliapishwa na mzazi. Aliyetii mzazi hana kosa."

Mbonea akasema, "Na wewe ulifukuzwa kitandani na mkeo. Aliyefukuzwa hana kosa."

Ndipo watu wote wakamtazama Naelijwa, maana ndiye aliyefukuza.

Alikuwa amesimama, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kuwapo. Sauti yake ilitoka ndogo. "Nilisema asinishike mtu ila mama. Nilimwambia mama amenipa mlingoti wa bendera, na neno hilo ndilo lililomfanya asipumzike. Niliambiwa nijifunze kuinuka, nikakataa. Na siku ile..." Akashika mkanda wa koti lake. "Siku ile mama alikuwa bado anahema. Nilimsikia. Niliogopa vyuma vyangu. Udongo ni wangu. Mniokotee, siwezi kuinama."

Hakuna aliyeinama. Senkondo aliutazama udongo, Mbonea aliutazama udongo. Ambaye angeuokota ili ampe, angekuwa ameutoa mkononi mwake mwenyewe, na kila mmoja alikuwa anauhitaji ili aweze kulala.

"Dada," Mbonea akasema, machozi yanamtoka, "nani angeinuka na mgongo ule? Wewe ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa hana kosa."

"Usininyang'anye, kaka," Naelijwa akasema. "Mmeninyang'anya kila kitu kwa huruma. Hili msininyang'anye."

Mzee mmoja akapendekeza, "Basi wachukue wote watatu, kidogo kidogo."

Mama Mkubwa Nanzia akamkata. "Radhi si makande, haipakuliwi sahani tatu." Akawageukia wafiwa. "Nyinyi mnagombania kosa kama watu wengine wanavyogombania shamba. Na marehemu je? Daktari alimwambia, naye akaficha. Alimfunga mwanawe kwa kiapo. Alijua. Na yeye tumwache tu?"

Hapo uwanja ukalipuka. Wapo waliosema Senkondo, maana mume ni mume. Wapo waliosema Mbonea, maana kiapo kinachoua hakishikwi. Wapo waliosema, chini chini, ni binti, maana pumzi aliisikia. Na bibi mmoja akasema marehemu hakukosa, ila ndiye aliyejichagulia, na wote watatu wanamnyima sifa yake. Wakabishana mpaka kuku wakaanza kuingia bandani.

Mwishowe Mama Mkubwa Nanzia akachukua ungo, akaufunika udongo. "Leo hauchukuliwi," akasema. "Nendeni mkalale mnavyoweza."

Wakaondoka, mmoja mmoja, bila kusalimiana. Senkondo hakulala. Mbonea hakulala. Naelijwa alilazwa na wanawake wawili wasiomjua vizuri, uso ukaelekea ukutani, mgongo umenyooka sawasawa kama madaktari walivyoahidi, naye akabaki anasikiliza.

Ungo uko palepale. Udongo uko chini yake, konzi moja tu, na kesho Mama Mkubwa atawauliza ninyi mliosikia.

Je, udongo ule ni haki ya mume aliyekimbia kelele, ya kaka aliyeshika kiapo, ya binti aliyeogopa vyuma vyake, au ya mama mwenyewe aliyelala chini yake?

Nani asamehewe?