Nani Amvue Shekuwe Kofia?

Nyinyi mnaochambua mchele, mikono ifanye kazi, masikio nipeni mimi. Hadithi ninayo, mwisho wake sina. Mwisho mtautafuta wenyewe, na atakayepiga kelele nitamtoa nje. Tumeelewana? Haya.

Alikuwepo baharia jina lake Shekuwe. Msidhani ni nahodha! Baharia wa kawaida wa jeshi la majini, wa kusugua sitaha na kuvuta kamba, wa kuitikia "Ndiyo, afande" kwa vijana aliowazidi umri. Aliingia manowarini hana ndevu, akatoka na mvi.

Alikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mkewe, Bi Time, alijaliwa kifua: ukimwekea neno, halitoki hata umkamue. Mdogo wake, Kombo, fundi seremala, alijaliwa bega: mzigo wa mwenzake ukitaka kuanguka, yeye keshaudaka. Na rafiki yake, Ekidor, mtu wa redio melini, alijaliwa sikio. Huyo ni Mturkana aliyekulia kwenye ngamia, na wenziwe hawakuchoka kumuuliza kama manowari nayo hukamuliwa maziwa. Alicheka nao. Lakini habari ikipita hewani, ilikuwa yake.

Na alikuwepo Maimuna, binti ya Shekuwe. Kipaji chake mbio. Baba akirudi safari, kabla ya salamu, Shekuwe huinama mlangoni, na Maimuna huja mbio akampokonya kofia. Maana meli ile ina desturi. Baharia anayestaafu hushuka ngazi akipigiwa filimbi, na chini gatini humngoja mtu wake, mmoja tu, amvue kofia aende nayo nyumbani. Mpaka avuliwe, bado ni mtu wa meli. Akishavuliwa, ni mtu wa watu wake.

"Siku hiyo nitakuvua mimi, baba," Maimuna alikuwa akisema. "Asikuguse mtu!"

"Ahadi, mwanangu," Shekuwe alimjibu.

Basi mwaka mmoja manowari ikatumwa mbali kusaka maharamia. Huku nyuma Maimuna akashikwa na homa. Homa ya kawaida, jamani, ya kupona. Hakupona.

Maiti haingoji meli. Kombo ndiye aliyekata mbao za kaburi kwa msumeno wake, huku machozi yakidondokea unga wa mbao. Ndiye aliyeshuka shimoni, akampokea mtoto wa kakake, akamlaza. Alikuwa ameshapata safari ya kwenda kufanya kazi Muskati, hakwenda tena. Alibaki kumlea Haji, mdogo wake Maimuna, akampeleka chuoni kusoma Kurani, akamfundisha kushika randa. Haji akakua akimwita Kombo "Baba", na Shekuwe "Baba wa melini".

Habari ilipovuka bahari ikaingia sikioni mwa Ekidor. Kamanda akasema, "Meli haigeuki. Asiambiwe mpaka kazi iishe." Kesho yake boti ndogo ikatakiwa kwenda kupekua meli iliyoshukiwa, na Shekuwe alikuwa miongoni mwa waliopangwa. Ekidor akaenda kwa kamanda akasema, "Afande, nafasi yake niweke mimi." Moyoni alisema nyumba ile haiwezi kuzika wawili.

Shekuwe alipomwona anashuka botini akamcheka. "We mtu wa redio, unataka nini huko? Utatapika!"

"Nimechoka na kelele za masikioni," Ekidor akamjibu.

Walipigwa risasi kabla hawajaigusa ile meli. Ekidor alirudi, mguu wake mmoja haukurudi.

Na Bi Time je? Siku chache baadaye mabaharia wakaruhusiwa kupiga simu. Time keshaambiwa mumewe bado yuko mbele ya bunduki za maharamia, asimvuruge akili. Matanga hayajaondoka, wanawake wamekaa mkekani, simu ikalia.

"Maimuna hajambo?"

"Hajambo."

"Mwite."

"Yuko chuoni."

"Mwambie nimemnunulia viatu vyekundu."

"Nitamwambia," Time akasema. Wanawake wote mkekani walikuwa wameuma leso zao. Alikata simu ndipo akaanguka.

Manowari iliporudi, Time alikataza mtu asitangulie kumpa habari. Akamngoja mumewe mlangoni peke yake. Shekuwe akaja na viatu mkononi, akasimama, akainamisha kichwa kama alivyozoea. Akangoja. Akacheka kidogo, akasema, "Leo kachelewa." Hapo ndipo Time alipomwambia.

Loo. Ngojeni nimeze mate.

Shekuwe alirudi baharini. Angekwenda wapi? Miaka ikapita, safari juu ya safari, mpaka ikafika siku yake ya kushuka. Gatini wamesimama watatu, na desturi yataka mmoja.

"Nisogee mimi," Bi Time alisema. "Nilimeza kifo cha mwanangu ili huyu arudi hai. Mpaka leo hakijashuka."

"Shemeji, nilisimama shimoni badala yake," Kombo akasema. "Na nyumbani nimesimama badala yake hadi leo. Leo hata kofia nisishike?"

Ekidor akaegemea mkongojo wake. "Mguu wangu ulistaafu kabla yake. Nipeni kofia basi, tuwe sawa."

Filimbi ikalia. Shekuwe akashuka hadi kidato cha mwisho, akainamisha kichwa. Mikono mitatu ikanyooshwa. Akarudisha kichwa nyuma.

"Mmenirudisha hai, nyote," akasema. "Nawashukuru. Lakini mwanangu yuko mchangani, mimi nachagua viatu! Nacheka na wenzangu! Sikumzika. Hata kumlilia nilichelewa. Na yule wa pili amepata baba mwingine. Niliyemwahidi kofia hii ni mmoja."

"Shekuwe," Time akamwambia polepole, "aliye kaburini hana mikono."

"Najua, mke wangu. Ndiyo maana sijashuka."

Na mpiga filimbi haruhusiwi kunyamaza mpaka kofia ivuliwe. Anapuliza, anavuta pumzi, anapuliza, macho yamemtoka.

Mimi nimefika hapo. Msiniambie wagawane, kofia ni moja. Dada yangu anasema Time, na kwa ajili hiyo tumenuniana tangu Idi. Jirani anasema mguu hauoti tena, apewe Ekidor. Wengine wanamtaja Kombo. Na wako wanaosema Shekuwe ajivue mwenyewe, akaiweke kaburini kwa Maimuna, na hao watatu warudi mikono mitupu, baada ya yote waliyoyatoa.

Wekeni ungo chini. Mngekuwa pale gatini, mngemwambia nani asogee? Semeni, jamani. Filimbi inalia, na mtu wa watu bado yuko kwenye ngazi.