Nani Alimtoa Mwizi wa Koki?

Hebu nikuulize wewe uliyekunja nne hapo: kufuli likipotea mtaani kwenu, macho yatamwendea nani kwanza? Usijibu. Najua umeshamtazama mtu.

Mtaa wa Mkongeni ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mzee Mwadime wa nyumba kumi alijaliwa jicho: kuku akitaga ua wa tatu, yeye anajua rangi ya yai. Mama Mshai, mchoma mahindi, alijaliwa ulimi: akikupa jina, hata mamako atajisahau akuite hilo. Sajenti Barasa alijaliwa kalamu: alichoandika hakikufutika, hata kwa mvua ya masika.

Na Mwakai? Huyo maskini alijaliwa digrii. Ya sosholojia, second class upper, na miaka minne ya kutarmaki, kusaka kazi mlango kwa mlango, na bahasha ya kaki kwapani. Chuoni alisoma kwamba mhalifu huanza kutengenezwa na wanaomtazama kabla hajanyoosha mkono. Akapasi vizuri. Hakujua kwamba anasomea maisha yake.

Asubuhi moja kufuli la kioski cha maji likatoweka. Koki ipo, tangi lipo, kufuli hakuna. Chifu akabandika tangazo ukutani: ATAKAYEMTOA MWIZI ATAPEWA AJIRA YA ULINZI WA KIOSKI. Ajira, ndugu yangu! Ya payslip na buti. Hapo mtaa mzima ukaanza kupimana kwa pembe ya jicho.

Mzee Mwadime akatoa jicho lake. Kila Mwakai alipotoka, mzee alitoka. Akaripoti kwamba kijana anazunguka mchana kutwa bila jembe wala ovaroli, na ile bahasha haifunguliwi. Ndani mlikuwa na vyeti, lakini nani aliuliza?

Mama Mshai akatoa ulimi wake. Siku moja Mwakai alipopita kununua hindi, mama akaligeuza juu ya makaa, akasema polepole, "Karibu, Kufuli." Watu wakacheka. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa wakiliimba, na mwenye duka akawa anavuta trei ya mayai ndani akimwona.

Sajenti Barasa akatoa kalamu yake. Jina likivuma hivyo, alisema, haliwezi kuwa bure. Akamweka Mwakai selo siku tatu, akaandika kitabuni: mshukiwa. Humo selo mlikuwa na fundi mmoja wa kung'oa mabomba, mtu mcheshi, aliyemweleza kijana kazi yake vizuri kuliko lekchara yeyote. Haya, university nyingine hiyo, na haina fees.

Mwakai alipotoka, kiwanda cha mkonge kilimwita. Intavyuu alikuwa ameipita, nafasi ya karani ilimngoja. Kilichobaki ni cheti cha tabia njema, ile good conduct. Ombi likarudi limekataliwa. Sababu: neno moja, mshukiwa. Kiwanda kikamchukua mwingine.

Akarudi mtaani na ile karatasi mkononi. Mama Mshai akamwita, "Kufuli, hindi ni moto leo." Mwakai akasimama. Akajiambia kwamba jina analo tayari, na kazi inayoendana na jina hilo ipo. Akaazima spana. Adhuhuri, watu wote wanaona, akaifungua koki ya kioski kama alivyofundishwa, akaitia katika bahasha. Maji yakamwagika hadi tangi likakauka. Siku mbili mtaa haukuwa na tone. Mama mmoja alijifungua zahanati, akafutwa kwa shuka kavu.

Barazani wale watatu wakagombea ajira, kila mmoja akidai ndiye aliyemtoa mwizi. Mzee akasema kama yeye asingemwona kijana, hakuna ambaye angemjua. Mama akasema jicho bila jina ni kipofu. Sajenti akasema jina bila kitabu ni umbea tu. Chifu akavuta droo ya meza yake atoe muhuri, mkono ukakwama. Ndani, katika kitambaa chenye mafuta, kulikuwa na kufuli.

"Lilikuwa limeshika kutu, chifu," karani wake akanong'ona. "Si uliniambia nilitie mafuta?"

Ndipo Mwakai, pingu mikononi, akaomba kusema.

"Tangazo linasema atakayemtoa mwizi. Hapa hapakuwa na mwizi, chifu. Hawa watatu wamemtoa, kama fundi anavyotoa kiti kwenye ubao. Lakini spana niliishika mimi, na theori niliijua. Kwa hiyo hata mimi nimemtoa. Na hiyo ajira naitaka."

Wengine wakacheka, kisha wakaacha.

Sasa kata wewe shauri. Jicho bila ulimi lingefika wapi? Ulimi bila kalamu je? Na kalamu ingemwandika nani bila hilo jicho? Au ni mkono peke yake, mkono wa msomi aliyejua shimo lilipo akalirukia, huku mzazi akifutwa kwa shuka kavu? Kati ya hao wanne, pingu ni za nani, na buti ni za nani?

Wewe amua taratibu. Ila wewe chifu, usitusubiri. Tangazo lako bado liko ukutani, na kufuli liko kwako. Libandue kwa mkono wako mwenyewe, mchana, watu wakiona. Kisha ueleze mbele yetu lile neno kitabuni litafutwa lini.