Dobi na Picha ya Mama Mfalme

Isome taratibu hadi mwisho. Kisha mpelekee mtu mmoja unayemjua, anayefanya kazi nzuri kwa mikono yake na kuona haya kusema anaifanyaje.

Katika mji mmoja wa milimani, mji wa ukungu na mawe, aliishi dobi aitwaye Mbelwa. Alifua na kupiga pasi nguo za watu wote, kuanzia kanga za wauza ndizi hadi kanzu za Mfalme. Kazi ikiisha, Mbelwa alichora. Hakufundishwa na mtu, wala hakulipwa na mtu. Aliokota kipande cha mkaa kilichobaki ndani ya pasi, akatandaza kipande cha shuka kuukuu juu ya ubao, akachora.

Mwaka ule Mama Mfalme, mzazi wa Mfalme, alifariki. Mji ukanyamaza siku arobaini. Heshima ya marehemu ikawa kali kuliko sheria. Mtu mmoja alipita karibu na kaburi lake akipiga mluzi, na kabla jua halijazama alikuwa amehamishwa mji, yeye, mkewe na mbuzi wake.

Fundi wa ikulu akachora picha ya marehemu, ikatundikwa barazani. Lakini baada ya miezi mitatu uso ulikuwa umefifia, umebaki kama moshi. Hakuna aliyejua sababu, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Ndipo Mfalme akatoa tangazo.

"Safari hii sitaki mafundi wa kulipwa," alisema. "Nataka wanaochora na kupiga picha kwa kupenda tu. Kila mwenye picha ya mama yangu ailete. Na kila mmoja atasimama mbele ya watu aeleze aliifanyaje, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hatua."

Mbelwa alimjua vizuri Mama Mfalme. Kwa miaka kumi na minane mama yule alikuwa akija mwenyewe kuchukua nguo zake, akisimama mlangoni na kulalamika kwamba mikunjo haikunyooka. Akauchora uso ule ule wa mlangoni, jicho moja limefinywa kidogo, mdomo uko tayari kugomba.

Picha ilitoka hai. Lakini mkaa ni mkaa. Ukiugusa, unaondoka na kidole.

Mbelwa akafikiri kidobi. Kola ya shati inakazwa kwa kitu gani? Kwa maji ya wanga. Basi akatia maji ya wanga kwenye kata, akayamwaga juu ya picha. Uso wote ukatiririka hadi sakafuni.

Akachora tena. Mara hii akapaka wanga kwa kitambaa laini. Kitambaa kikaondoka na pua.

Akachora mara ya tatu. Akasimama mbele ya picha, amechoka, beseni mkononi, na bila kufikiri akafanya kama madobi wanavyofanya mbele ya kila nguo iliyokauka: akajaza maji ya wanga mdomoni, akavuta pumzi, akapuliza, tena na tena, hata mara saba. Yakatoka kama umande. Yakatua juu ya mkaa bila kuusumbua. Yalipokauka, Mbelwa alipitisha kidole. Kidole kikatoka safi.

Alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaketi chini.

"Zaina," alimwita mkewe. "Njoo uone."

Zaina akaja, akaitazama picha, akashika kiuno. "Mungu wangu! Ni yeye kabisa. Mbona umekaa kama mtu aliyefiwa?"

"Itabidi nieleze nilivyoifanya."

"Si ueleze."

"Zaina, nimemtemea mate Mama Mfalme usoni."

Zaina akaufunga mlango, ingawa ulikuwa mchana. Mtu wa mluzi walimkumbuka wote wawili. Nyumbani mwake sasa walilala kuku.

"Sema ni utomvu," Zaina alinong'ona.

"Utomvu wa mti gani?"

"Mti wa mbali. Wa mbali sana, baba, hata mimi mwenyewe siujui. Nani atakwenda kuukagua?"

"Au nisiende kabisa?"

"Mjumbe wa Mfalme ameshaandika jina lako. Usipokwenda watauliza kwa nini. Ukienda, utomvu. Haya, rudia nikusikie."

"Utomvu," alisema Mbelwa.

Siku ya siku ikafika. Njiani Mbelwa alihesabu hatua zake, akasahau, akaanza upya. Utomvu, hatua. Utomvu, hatua. Mikono ilitoka jasho mpaka akaifunga picha kwa kanga ya Zaina ili asiiloweshe.

Baraza lilijaa. Picha tatu ziliwekwa ukutani. Mfalme aliketi mbele, amevaa kanzu nyeupe iliyonyooka kama karatasi. Kando yake alisimama askari mkuu, mtu yule yule aliyemsindikiza mpiga mluzi hadi mpakani.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Sheuya, aliyechora kwa rangi. Alikohoa, akanyoosha mgongo.

"Mtukufu, rangi hizi nimezichanganya kwa namna ya siri tuliyorithi katika ukoo wetu," alisema. "Babu alimwachia baba, baba akaniachia mimi. Siwezi kusema zaidi."

Watu wakaguna kwa heshima. Mfalme akasimama, akaisogelea picha, akamgusa mama yake shavuni kwa kidole gumba. Kidole kikatoka chekundu. Akakifuta kwa leso.

Wa pili alikuwa Singano, karani wa soko, mwenye kamera. Katika picha yake Mama Mfalme alikuwa pembeni kabisa, bega moja limekatwa, anapita.

"Niliungoja mwanga siku saba, Mtukufu," alisema Singano. "Nikamweka pembeni kwa makusudi, kuonyesha kwamba wakubwa hupita kimya."

"Siku saba," alisema Mfalme.

"Saba, Mtukufu. Bila chai."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anapiga chafya.

"Mbelwa, dobi," akaita mpambe.

Mbelwa akasimama. Sauti za watu zilimfikia kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. Akaeleza habari ya shuka. Akaeleza habari ya mkaa wa pasi. Akaeleza habari ya mlangoni, na jicho lililofinywa, na watu wakatabasamu kwa sababu kila mmoja alilikumbuka jicho lile. Akafika penye hatua ya kupuliza, akaishia hapo.

Mfalme alikuwa amekwisha kusimama mbele ya picha. Akagusa shavu kwa kidole gumba. Akakitazama kidole. Akagusa tena, kwa nguvu zaidi. Akachukua leso nyingine, akasugua paji la uso pichani.

Safi.

Mfalme akageuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Mbelwa hakujua umebadilikia wapi.

"Umetia nini humu?"

Utomvu, Mbelwa alijiambia. Akafungua kinywa.

"Kabla hujasema," aliendelea Mfalme, "ujue kwamba chochote ulichotia kitatiwa kwenye picha zote za wazee wetu. Kama kiko mbali, watu wangu wanaondoka kesho, hata iwe mwendo wa mwezi mzima."

Mbelwa akawaona. Aliwaona vijana wa watu wakikata misitu, wakivuka mito, wakiutafuta mti usiokuwepo. Na jambo jingine likamchoma, dogo lakini kali: kwamba kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kugundua maishani, alikuwa karibu kuupa mti sifa yake.

"Ni maji ya wanga, Mtukufu," alisema. "Wanga wa kawaida. Wa kola."

Baraza likashusha pumzi. Mfalme akatikisa kichwa polepole. "Wanga! Na uliupaka kwa brashi?"

Mlango huo hapo, wazi. Neno moja tu, ndiyo, na Mbelwa angerudi nyumbani kula chakula cha mchana. Lakini alikumbuka kitambaa kilichoondoka na pua. Wangechukua brashi kesho, wangewafuta wazee wote wa nchi mmoja baada ya mwingine.

"Hapana. Brashi inafuta mkaa."

"Basi uliutiaje?"

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo vipi?"

"Nilijaza mdomoni, Mtukufu. Nikapuliza."

Askari mkuu akapiga hatua mbele.

"Ulimtemea mama yangu usoni?" aliuliza Mfalme.

"Nilimpulizia." Sauti ya Mbelwa ilikuwa imebaki nusu. "Lakini maji yalitoka kinywani, siwezi kukataa. Mara saba, mpaka yakaenea. Hakuna njia nyingine ninayoijua. Nisamehe, baba."

Mfalme aliinamisha kichwa, akautazama mkono wa kanzu yake, mweupe, umenyooka bila kunyanzi hata moja. Akaugeuza huku na huku.

"Kanzu hii nani aliipiga pasi?"

"Mimi, Mtukufu."

"Lini?"

"Juzi."

"Uliiloweshaje?"

Mbelwa akagusa midomo yake. "Kwa mdomo huu huu."

Mpambe akaitazama kola yake. Mwalimu Sheuya akashika kifua cha shati lake kama mtu aliyepoteza kitu mfukoni. Askari mkuu, aliyevaa sare iliyokazwa kwa wanga kuliko nguo zote barazani, akasimama pale pale alipofika, asijue pa kuweka mikono.

"Nyie wote mlioshtuka," alisema Mfalme, "kuna ambaye hakuvaa mate ya Mbelwa leo?"

Kicheko kilianza kwa wauza ndizi nyuma, kikaja mbele kama mvua juu ya mabati.

"Mama alivaa nguo za mtu huyu miaka kumi na minane," Mfalme aliendelea, na sauti ikamtetemeka kidogo. "Alisimama mlangoni pake akimgombeza. Mlidhani hakuwa akiona anavyopiga pasi? Aliona, akavaa, akaenda nazo msibani na harusini. Asiyetukanwa kwa mwili wake atatukanwaje kwa picha yake?"

Akaunyoosha ule mkono, akaweka kiganja kizima kwenye shavu la picha.

"Nitawaambia nami jambo ninaloliona haya. Kila asubuhi namwamkia mama hivi. Ile picha ya kwanza haikufifia. Nimeifuta mimi, kwa mkono wangu. Nilimlaumu fundi, nikamfukuza, nikanyamaza. Kesho nitatuma watu wakamrudishe."

Singano akasimama bila kuitwa. "Mtukufu... mimi sikungoja mwanga."

"Najua. Ulingoja nini?"

"Nilikuwa nampiga picha msichana auzaye ndizi. Mama alipita tu katikati."

"Na nilipokuona umenielekezea hiyo kamera nikakuonyesha ngumi!" akapaza sauti msichana mmoja kutoka nyuma. Baraza likavunjika tena.

Mwalimu Sheuya naye akainua kidole, kama mwanafunzi wake mwenyewe. "Hakuna siri ya ukoo. Mafuta ya kuchanganyia rangi yaliniishia, nikatia mafuta ya taa. Haijakauka mpaka leo."

"Nilisikia harufu," alisema Mfalme.

Picha ya dobi ikatundikwa barazani siku hiyo hiyo.

Mbelwa alipofika nyumbani alimkuta Zaina ameketi juu ya furushi. Masufuria yamefungwa, mkeka umekunjwa, pasi imetiwa kikapuni.

"Wanatuhamisha?" aliuliza Zaina, bila kuinua macho.

"Hapana."

"Kumbe utomvu umefaa!"

"Niliwaambia mate."

Zaina akainuka, akaketi tena juu ya masufuria.

"Fungua mizigo, mama," alisema Mbelwa. "Toa beseni. Kesho asubuhi Mwalimu Sheuya na Singano wanakuja kujifunza kupuliza. Na Mfalme anakuja nao. Amejaribu barazani akajilowesha kanzu nzima."

Funzo: Unapoeleza ulivyoifanya kazi yako, usiiruke hatua unayoionea haya. Huenda ndiyo iliyoishikilia kazi nzima, na ukiificha, kila atakayekufuata ataharibu. Tena ukithubutu kuitaja, utawafungua na wenzako waliokuwa wakiificha ya kwao.