Nani Atarudi na Mzee Bitama?

Sogeeni hapa. Mwenye woga akae katikati, maana hadithi hii ina tembo, na tembo huyo hakuja kuchekesha mtu.

Palikuwa na mzee wa Uvinza, kule Kigoma, akiitwa Bitama. Alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Dafroza, wa kwanza, alijaliwa masikio: angekwambia mgeni anakuja kabla mbwa hawajabweka. Gervas, wa pili, alijaliwa miguu. Milima ya Kasulu aliipanda kwa baiskeli huku anapiga mluzi. Leokadia, kitinda mimba, alijaliwa mikono. Baiskeli iliyokufa ilifufuka mikononi mwake, wala hakujisifu. Kazi ya kujisifu aliwaachia ndugu zake.

Babu yake Bitama, enzi za misafara, alibebeshwa pembe za tembo hadi Bagamoyo, akafia na kuzikwa huko. Katika ukoo wao, aliyefia mbali hufuatwa udongo wa kaburi lake. Udongo huo haupandi gari. Mjukuu hupita njia ileile aliyopita marehemu, anapeleka chumvi ya nyumbani, anarudi na udongo kwa njia hiyohiyo. Bitama aliahirisha safari hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Ndipo akaanza kumuota babu amesimama mlangoni, mzigo begani, anatafuta pa kuutua.

Basi akafunga mfuko wa chumvi kwenye keria ya baiskeli yake, akasema anakwenda kuikata nchi. Watoto walimbembeleza hadi wakachoka, kisha kila mmoja akachukua baiskeli yake akamfuata. Ya mzee ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, aliyoinunua ujanani, na wote watatu waliitamani tangu utotoni.

Walipovuka mto Malagarasi, mzee akaiacha barabara kuu akaingia njia ya warina asali, kwa sababu babu hakupita kwenye lami. Miti ikawafunika, mbung'o wakawauma hadi wakavimba. Wakakutana na warina asali wanaotoka porini mbiombio. Hawa wakawaonya kwamba mvua zimechelewa, tembo wana uchu wa chumvi, na juzi wamebomoa jiko la kambi kwa ajili ya kimfuko kimoja. Watoto wakamtazama baba. Baba akatazama njia.

"Chumvi ya babu haiachwi porini," akasema, akapanda baiskeli.

Mimi ningegeuza hapo hapo. Lakini baba yao si baba yangu.

Jua lilikuwa juu kabisa Dafroza aliposimama. Ndege walikuwa wamenyamaza. Alisikia tumbo likinguruma nyuma ya kichaka, tumbo kubwa, karibu kuliko yeyote angependa. Hakupiga kelele. Alimshika baba mkono akamvuta pembeni pamoja na baiskeli yake, na tembo jike akatokea akasimama palepale mzee alipokuwa. Bila masikio ya Dafroza, tungekuwa tunasimulia mazishi.

Wakapanda wakakimbia. Tembo hakukimbia. Alikuja nyuma yao anatembea, ameinua mkonga, anavuta harufu, na kutembea kwake ndiko kulikowatisha zaidi. Mara cheni ya mzee ikachomoka, ikajibana kwenye fremu, baiskeli ikagoma. Mzee mwenyewe alikaa chini. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa hofu, na ni baiskeli yake tu iliyokuwa na keria ya kubeba mtu. Leokadia akapiga magoti kwenye vumbi. Machozi yalimtoka, lakini vidole viliendelea na kazi yao. Cheni ikarudi mahali pake wakati tembo yuko karibu hata wanamsikia anavyopumua. Bila mikono ya Leokadia, hapangekuwa na cha kumbebea mzee.

Gervas akatupa baiskeli yake chini, akakata kamba za mpira zilizoshika mfuko. Baba alimkataza. Alimkataza kwa jina la babu, neno ambalo mtoto wa ukoo ule halivunji. Gervas akalivunja. Alirusha chumvi kwa tembo, akampakia baba, akakanyaga pedali kwenye mchanga hadi miti ikaisha. Nyuma walisikia baiskeli yake ikipondwa, kisha kimya cha mnyama anayelamba chumvi. Bila miguu ya Gervas, masikio na mikono visingemfikisha mzee popote.

Kutoka hapo Gervas alimpakia baba hadi Bagamoyo. Mzee aliweka kwenye kaburi la babu chembe za chumvi zilizokuwa zimemwagikia mfukoni mwa koti lake siku ya kufunga mzigo, akachota udongo, akaufunga kwenye kitambaa. Akawaambia wanawe kwamba aliyemtoa msituni ndiye mrithi wa baiskeli.

Hapo undugu ukawekwa pembeni. Dafroza alisema yeye ndiye aliyemtoa baba miguuni mwa tembo. Leokadia, kwa mara ya kwanza maishani, alijisifu: baiskeli inayogombewa ingekuwa chuma chakavu porini. Gervas akauliza ni nani mwingine aliyepoteza ya kwake, akabeba na laana ya kuvunja neno la babu juu.

Mzee akawaacha waseme mpaka wakaisha maneno.

"Vizuri," akasema. "Mwenye baiskeli ndiye atakayenipakia kurudi, maana miguu yangu haijarudi sawa. Tutapita njia ileile. Wawili waliobaki wakapande treni Dar es Salaam."

Kisha Dafroza akakumbuka kwamba kusikia si kazi kubwa, mikono ya mdogo wake ndiyo iliyookoa. Leokadia akasema hapana, cheni tu ile, kaka ndiye aliyembeba baba. Gervas akainamisha kichwa, akasema bila masikio ya Dafroza wasingepata hata nafasi ya kukimbia. Walikuwa wanapendana sasa, na kila mmoja alikuwa anaogopa, na kila mmoja aliona aibu.

Mzee hakuwagombeza. Alifunga udongo kwenye keria, akashika usukani, akaweka mguu mmoja juu ya pedali.

"Babu bado hajatua mzigo," akasema. "Nitakwenda hata peke yangu."

Sasa nawageukia ninyi. Baiskeli ni ya nani: aliyesikia, aliyetengeneza, au aliyebeba? Jibuni mkijua kwamba mtakayemtaja ndiye mnayemrudisha kwa tembo yule, na safari hii hakuna chumvi ya kumtupia. Msipomtaja mtu, mzee anakwenda mwenyewe.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi. Mguu wa pili umeshaondoka ardhini.