Maharage ya Mstari wa Mia Tatu na Tisa

Hapo zamani, na wala si zamani za mbali, maana kompyuta ilikwisha kufika, milimani kwa Wapare aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Nakijwa hakujaliwa mtoto. Alijaliwa miguu. Miaka kumi na miwili alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake: una mbegu gani, unaiweka wapi, inaiva kwa siku ngapi? Akijibiwa, anaandika. Akifukuzwa na mbwa, anarudi kesho, anaandika.

Kikundi cha akina mama wa mbegu kikapata kompyuta. Akaja Elifaraja, aliyeijua mashine hiyo, mtoto mgongoni, vidole vinacheza. Akaliingiza daftari zima, mistari mia nne na kumi na miwili.

"Bibi, hawa waliokufa tuwafute. Wanajaza nafasi."

"Mwanangu, watu tumewazika mara moja. Wewe unataka kuwazika tena?"

Elifaraja akacheka, akaongeza safu pembeni: yupo, hayupo. Wakaelewana.

Mwaka huo vuli ikachelewa. Ilipokuja, bwana shamba akasema itanyesha miezi miwili tu, basi. Na mbegu ya kila nyumba ilitaka mitatu. Ukiipanda, itakauka na maua yake, na watoto walale njaa.

Nakijwa akafungua daftari. Ukurasa wa nane macho yakamgomea. Akamwendea Elifaraja.

"Humo ndani hamna mtu mwenye maharage ya siku sitini?"

"Tuiulize, bibi."

Akafungua ukurasa wa pili, mtupu kama sinia lililooshwa. Juu yake akaandika fomula: nenda ukurasa mkubwa, niletee kila mstari wenye siku sitini, na mwenye mbegu awe yupo.

"Fomula ni kama ungo," akasema. "Mstari unaolingana unakuja huku, usiolingana unabaki kwake."

Akabonyeza. Haukuja hata mmoja.

"Ungo umetoboka," akasema Mama Mbonea, mwenyekiti wa kikundi, akichungulia.

Elifaraja akatafuna kucha. Kisha akaliondoa lile neno yupo, akabonyeza tena. Ukaja mstari mmoja, umesimama peke yake kama mgeni mlangoni. Mstari wa mia tatu na tisa: Bibi Namsifu, maharage mekundu yenye doa, darini, siku sitini, hayupo.

"Namsifu tumemzika mwaka wa sita huu," akasema Mama Mbonea. "Hodi tukaipige wapi?"

Wakaipiga kwa Damari, mke wa mwanawe. Damari akawasikiliza mpaka mwisho. Akaegemeza ngazi, akapanda darini juu ya moshi, akashusha vibuyu saba vya maharage yaliyochanganywa na majivu.

"Wewe Damari, kijiji kinahangaika na wewe umekalia mbegu?" akasema Mama Mbonea.

"Mama mkwe aliniachia neno. Mbegu ya mtu haijitembezi, huombwa kwa jina la mwenyewe. Kila mwaka nimepanda kidogo nyuma ya migomba, nimevuna, nimejaza vibuyu. Leo mmemtaja, leo nimeshusha."

Wakagawana konzi kwa konzi, wakapanda. Siku ya sitini na moja kila paa likatoa moshi, na kila mtoto akalala ameshiba.

Sasa, kwao ni desturi: mbegu iliyookoa watu hupewa jina la mtu, na mtu huyo hutajwa kila chungu kinapoinjikwa, hata na wajukuu wa wajukuu wasiomjua. Mama Mbonea akainjika chungu, akawaita wote.

Elifaraja akasema, "Kama si mimi, nani angefika mstari wa mia tatu na tisa? Fomula imefika kabla mtoto hajapiga chafya."

"Ulitaka kumfuta," akasema Damari.

"Nilitaka. Nilimfuta?"

Damari akasema, "Kama si mimi, mngekuta dari tupu. Mwaka mmoja wa njaa, kabla ya huu, wanangu waliniangalia mimi, mimi nikaangalia dari. Nikawachemshia majani ya kunde. Kompyuta haijawahi kuniuliza nilipataje usingizi."

"Na ukanyamaza mpaka tukaja," akasema Elifaraja.

"Neno la marehemu si la kuchezea. Tena mbegu ni yake. Mkiniruka mimi, msimruke yeye."

Nakijwa alikuwa akitazama chungu. Alipotamka, alitamka taratibu.

"Kama si mimi, mashine ingekuwa na nini tumboni? Na jina la Namsifu nimelikingia kifua mimi. Damari anao wanne wa kumtaja. Elifaraja anaye huyo mgongoni. Namsifu ana wajukuu. Mimi nikiondoka, nani atatamka Nakijwa?"

"Bibi, utasa si hoja ya maharage," akasema Mama Mbonea.

"Hata utajiri wa watoto si hoja," akajibu Nakijwa. "Lakini chungu kimeiva, na mimi nina njaa."

Mama Mbonea akashika upawa, akafunua. Mvuke ukapanda. Akageuka huku na huku, hakujua aseme anapakua maharage ya nani. Wanangu, upawa ule ungali hewani. Yupo aliyekusanya, yupo aliyechuja, yupo aliyetunza, na yupo aliyeacha mbegu. Semeni kabla hayajapoa: maharage yale yaitwe nani? Je, nani alistahili?