Matusi ya Bwana Semhando

Zamda wa Korogwe alioka keki nyumbani, na maneno yake yalikuwa matamu kuliko keki zenyewe. Tovuti yake ilikuwa ndogo. Mtu akitafuta keki za Korogwe mtandaoni, aliiona mwisho kabisa, kwa hiyo wateja walikuwa haba. Ya kwanza ilikuwa tovuti ya Bwana Semhando, tajiri mwenye kiwanda cha mikate.

Hilo halikumtosha tajiri. Akamfuata Zamda mlangoni.

"Ifute tovuti yako leo. Nataka wateja wote wa mji huu!"

"Shikamoo, baba. Ukinilazimisha, watu watanihurumia. Afadhali wanikimbie wenyewe. Nitukane kwenye tovuti yako."

"Hilo tu? Naliweza sana!"

"Lakini hawatakuamini hivi hivi. Kila tusi liwekee kiungo, wakibofya wafike kwangu, waone ubaya wangu kwa macho yao."

Tajiri akafurahi. Asubuhi aliandika, "Keki za Zamda zinavunja meno." Jioni akaongeza, "Hata mbuzi wangu amezisusa." Kila tusi alilitia kiungo.

Mwezi ulipokwisha, akatafuta keki za Korogwe. Wa kwanza alikuwa Zamda, yeye wa pili. Akaenda mbio kwake, akakuta foleni mlangoni.

"Umeniroga, wewe!"

"Aka, baba! Mtandao haujui matusi. Wenyewe umeona tu tovuti kubwa inawatuma watu kwangu kila siku, ukadhani wewe unanisifu, ukanipandisha juu."

Bwana Semhando akafungua kinywa amtukane, akakumbuka, akakifunga.